Elimu ya Afya: Namba 115 na Usafiri wa Dharura kwa Mama na Mtoto Mchanga

Wataalamu wa afya ya uzazi hutaja ucheleweshaji wa aina tatu unaogharimu maisha ya akina mama na watoto wachanga. Wa kwanza ni kuchelewa kuamua nyumbani, wa pili ni kuchelewa kufika kituoni kwa kukosa usafiri, na wa tatu ni kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika.

Ili kuondoa kikwazo cha usafiri, Serikali na wadau wake huendesha mfumo wa m-mama, ambao Rais Samia Suluhu Hassan alizindua upanuzi wake nchi nzima mwezi Aprili 2022. Mfumo huu hutumia kifaa ambacho tayari kimo katika kaya nyingi, yaani simu ya mkononi.

Namna unavyofanya kazi

Ndugu, jirani au mhudumu wa afya hupiga namba 115 bila malipo, usiku au mchana. Mratibu anayepokea simu huuliza dalili za mgonjwa na mahali alipo. Akithibitisha kuwa ni dharura, hutafuta gari la wagonjwa lililo karibu. Gari hilo likikosekana, huitwa dereva wa jamii, yaani mwenye gari aliyesajiliwa kwa kazi hiyo. Dereva hulipwa kwa njia ya simu baada ya kumfikisha mgonjwa. Familia haidaiwi nauli. Kituo kinachompokea hupewa taarifa mapema ili wahudumu wajiandae.

Dalili za hatari

Kwa mjamzito au aliyejifungua:
• kutokwa na damu nyingi;
• kuumwa sana kichwa au kuona ukungu;
• degedege;
• homa kali.

Kwa mtoto mchanga:
• kushindwa kunyonya;
• kupumua kwa shida;
• mwili kuwa wa baridi au wa moto kupita kiasi.

Jukumu la kaya

Ucheleweshaji wa kwanza hauondolewi na mtambo wowote. Mama aliyejifungua salama anaweza kupoteza maisha ndani ya saa chache kwa kuvuja damu. Saa hizo zikipita familia ikimsubiri baba arejee safarini ili atoe ruhusa, hata gari lililo jirani halitamfaa mgonjwa.

Kwa hiyo, kila kaya yenye mjamzito inashauriwa kukubaliana mapema kwamba yeyote atakayeona dalili ya hatari apige simu bila kusubiri idhini. Namba 115 iandikwe ukutani, simu moja iwe na chaji kila usiku, na wote wajue kutaja kijiji, kitongoji na alama inayofahamika, kama shule au kisima. Huduma hii haichukui nafasi ya kliniki; mjamzito aendelee kuhudhuria kama alivyopangiwa.