Mvua na Theluji katika Jimbo la North Carolina

Jimbo la North Carolina, lililo kusini-mashariki mwa Marekani, limeenea kutoka pwani ya bahari ya Atlantiki hadi milima ya Appalachia. Mwanafunzi aujuaye wastani wa mvua wa jimbo zima tu amejua machache, kwani mgawanyo wa mvua hiyo hutegemea sana umbo la nchi.

Hewa yenye unyevu hutoka Ghuba ya Meksiko na Atlantiki. Ikutanapo na milima hupanda na kupoa, na mvuke wake hugeuka matone. Ndiyo sababu miteremko iliyo karibu na mji wa Rosman hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Hewa hiyo ikisha kuvuka vilele hushuka, hupata joto na kukauka. Basi mji wa Asheville, ulio bondeni umbali usiozidi kilomita 60 kutoka Rosman, hupata takriban milimita 1,000 tu.

Ama theluji huhitaji baridi pia. Kwa wastani, halijoto hupungua nyuzi 6.5 za Sentigredi kwa kila mita 1,000 za kupanda. Kilele cha Mount Mitchell, chenye urefu wa mita 2,037, huangukiwa na theluji nyingi kila mwaka; lakini Wilmington, mji wa pwani upatao mvua ya milimita 1,500 hivi, huiona kwa nadra.

Hata hivyo, uhaba wa mvua mjini si kinga ya mafuriko. Mto French Broad, upitao Asheville, huanzia karibu na Rosman. Mnamo Septemba 2024, wakati wa tufani Helene, kituo cha Busick kilichoko milimani kilipima milimita 782 kwa siku tatu. Mito ilifurika, na huko Asheville maji ya French Broad yalipita kimo cha gharika ya mwaka 1916. Zaidi ya watu 100 walikufa jimboni.

Kwa hiyo, atakaye kuijua hatari iliyo bondeni hana budi kupima pia mvua inyeshayo kwenye chanzo cha mto.

Zoezi: Chora mchoro wa mlima, uonyeshe njia ya hewa kutoka Rosman hadi Asheville. Eleza kwa nini mvua hupungua njiani, ilhali maji ya mto huongezeka.