Motokaa Ipelekwe kwa Fundi Lini? Hesabu ya Lodwar na Hesabu ya Nchi za Nje

Motokaa nyingi zitumikazo Kenya huletwa zikiwa zimekwisha kutumika Japani. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingizwa nchini gari lililopita miaka 8 tangu kuandikishwa mara ya kwanza, wala lenye usukani upande wa kushoto, na Japani ni nchi ambayo watu wake huendesha upande mmoja na sisi. Kwa hiyo gari libebalo abiria kati ya Lodwar na Kakuma huenda lilianza maisha yake katika barabara laini za Tokyo au Osaka. Mara nyingine mwenye gari hukuta ndani yake kitabu kilichoandikwa kwa Kijapani. Akipata mtu wa kumsomea, aghalabu huambiwa kuwa oili ya injini hubadilishwa kila kilomita 15,000 au kila mwaka mmoja. Fundi wa Lodwar, kwa upande wake, humwambia alete gari kila kilomita 5,000. Basi mwenye gari hushikwa na shaka: je, fundi anatafuta fedha tu, au kitabu kimekosea?

Ukweli ni kwamba wote wawili wanaweza kuwa wamesema sawa. Kitabu kimehesabu kazi ya gari la Japani, na fundi amehesabu kazi ya gari la Turkana. Yafaa kila mwenye gari, na kila dereva aliyekabidhiwa gari la mwingine, aelewe sababu ya tofauti hiyo, maana asiyeielewa hupoteza mali yake, na pengine huhatarisha maisha ya watu.

HESABU ZA NCHI MBALIMBALI

Nchini Uingereza, gari la kawaida la Toyota hufanyiwa sevisi kila maili 10,000, yaani kilomita 16,000, au kila mwaka, lolote litakalotangulia. Huko Marekani oili ya magari mengi ya Toyota hubadilishwa pia kila maili 10,000. Lakini kitabu chasema wazi kwamba mtu aendeshaye katika barabara za udongo na vumbi aibadilishe kila maili 5,000 au kila miezi sita. Kitabu cha Japani nacho hufanya vivyo hivyo: baada ya kutaja kilomita 15,000, chaongeza kwamba gari lifanyalo kazi ngumu libadilishwe oili kila kilomita 7,500 au kila miezi sita. Na katika Australia, nchi yenye jua kali na jangwa kubwa, Land Cruiser ya kazi huitwa kwa fundi kila kilomita 10,000 au kila miezi sita.

Msomaji atazame vizuri jambo hili. Watengenezaji wa magari hawakutoa amri moja kwa dunia nzima. Wametoa hesabu mbili: moja ya kazi nyepesi, na nyingine ya kazi nzito. Wenye magari wengi husoma ile ya kwanza tu, kwa kuwa ndiyo yenye gharama ndogo.

KWA NINI TURKANA NI KAZI NZITO

Oili haikuwekwa kulainisha vyuma tu. Hupoza injini, huosha masizi na uchafu, na kuzuia asidi itokanayo na mafuta yanayoungua isile vyuma. Kila kazi hiyo huipunguza nguvu, na Turkana kila kazi huzidi.

Kwanza, vumbi. Mchanga una chembe ngumu kupita chuma cha injini. Filta ya hewa ikiziba au ikipasuka, chembe hizo huingia katika silinda na kuikwaruza kama tupa. Injini huanza kula oili, kutoa moshi na kukosa nguvu.

Pili, joto. Mchana wa Lodwar mara nyingi hufika sentigredi 35 na zaidi. Injini ipozwayo kwa hewa ya namna hiyo hufanya kazi karibu na mwisho wa uwezo wake. Oili huwa nyepesi, maji ya betri hukauka upesi, na rejeta iliyojaa vumbi hushindwa kupoza. Kisha kuna mlima. Lodwar uko kiasi cha mita 500 tu juu ya usawa wa bahari, na Kitale karibu mita 1,900. Lori lililosheheni mzigo hupanda tofauti yote hiyo kwa gia ndogo.

Tatu, laga. Mito kama Tarach wa Kakuma huwa mchanga mtupu kwa siku nyingi, kisha hujaa kwa ghafula mvua inyeshapo milimani. Gari livukalo maji huweza kuyaingiza katika difu na katika beringi za magurudumu. Oili ya difu iliyogeuka rangi ikawa kama chai ya maziwa imekwisha kuingiwa na maji, nayo haina budi kumwagwa siku ile ile, hata ikiwa iliwekwa juzi.

Nne, mafuta ya kuendeshea. Dizeli yenye salfa nyingi hufanya asidi ndani ya injini. Ulaya kikomo chake kimekuwa sehemu 10 katika milioni tangu mwaka 2009, na Kenya ilishusha chake mpaka sehemu 50 mwaka 2015. Hiyo ni hatua njema, lakini dizeli inunuliwayo kwa mitungi kando ya njia huweza kuwa na maji na uchafu ambao sheria haikuuona.

Isidhaniwe kwamba nchi za baridi hazina adui wao. Uingereza humwaga chumvi barabarani wakati wa baridi ili kuyeyusha barafu, na chumvi hiyo hula bodi na mabomba ya breki. Tena sheria yao hulazimisha kila gari lililotimiza miaka mitatu likaguliwe kila mwaka. Kila nchi hulichunga gari lake kwa adui liliye naye.

LAMI HUBADILI HESABU

Hata ndani ya Turkana hesabu si moja. Katika miaka ya 1980 barabara ya Kitale hadi Lodwar ilitiwa lami kwa msaada wa Norway, lakini baadaye iliharibika vibaya, na magari yakavunjika springi kwa miaka mingi. Mwaka 2015 Benki ya Dunia ilikubali kugharimia barabara kuu kutoka Lokichar kupita Lodwar na Kakuma kuelekea mpaka wa Sudan Kusini, na lami mpya ikawekwa. Gari lisilotoka katika lami hiyo halifanyi kazi sawa na gari liendalo kila siku katika njia za mchanga za vijijini. La kwanza, likitiwa oili ya hali ya juu iliyotajwa na kitabu chake, huenda likastahimili zaidi ya kilomita 5,000. La pili lisithubutu.

KILOMITA, MWEZI, NA SAA

Tuchukue mfano wa gari la abiria liendalo Kakuma na kurudi Lodwar kila siku. Safari ya kwenda ni kilomita 120 hivi, basi kwenda na kurudi ni 240. Kwa siku sita za juma ni kilomita 1,440. Gari hilo hutimiza kilomita 5,000 kwa majuma matatu na nusu. Hata hesabu nyepesi ya Japani, kilomita 15,000, huifikia kwa majuma kumi na siku chache. Dereva aliyeshika neno “mwaka mmoja” akasahau neno “kilomita” ataendesha karibu kilomita 75,000 kwa oili ile ile, na injini haitafika huko.

Kinyume chake kuna gari lisimamalo muda mrefu likinguruma ili abiria wapate baridi. Mita ya kilomita haisogei, lakini oili yaendelea kuchoka. Mafundi wengine hukadiria saa moja ya kunguruma hivyo kuwa sawa na mwendo wa kilomita 40.

GHARAMA

Ulaya kitu ghali ni mkono wa fundi. Katika gereji kubwa za Uingereza saa moja ya kazi huweza kuzidi pauni 100, yaani zaidi ya shilingi 15,000 za Kenya. Watu wa huko hupenda sevisi chache kwa sababu hiyo pia. Lodwar mkono wa fundi ni nafuu. Kitu ghali ni oili na vipuri, ambavyo kutoka bandari ya Mombasa husafiri zaidi ya kilomita 1,100 kabla ya kufika dukani.

Tuseme sevisi ndogo ni shilingi 8,000. Kwa kilomita 100,000, mwenye kubadilisha oili kila kilomita 5,000 atalipa mara 20, jumla shilingi 160,000. Mwenye kungoja mpaka 10,000 atalipa 80,000. Amejiwekea 80,000. Lakini tuseme injini yake ikafa, na kuitengeneza upya ni shilingi 200,000. Akiba yote imekwisha, amedaiwa 120,000 juu yake, na gari limekaa gereji majuma kadhaa bila nauli. Tena hilo ni hasara ya fedha tu. Gari likizimika njiani saa nane mchana, huku mgonjwa wa kupelekwa hospitali ya Lodwar amelala kiti cha nyuma, hasara yake haihesabiki kwa shilingi.

MAMBO YA KUFANYA

1. Andika katika daftari tarehe, kilomita na aina ya oili kila ibadilishwapo. Usitegemee kumbukumbu.

2. Pima oili na maji ya rejeta kila asubuhi, injini ikiwa baridi.

3. Fungua filta ya hewa kila juma, au kila siku wakati wa vumbi jingi. Ipulize kwa upepo mdogo kutoka ndani kwenda nje, wala usiipige ukutani. Iliyotoboka itupwe.

4. Toa maji katika filta ya dizeli. Baada ya kuvuka laga, kagua difu na upake grisi.

5. Nunua oili na filta kwa muuzaji umjuaye. Kopo tupu litoboe, lisije likajazwa oili chafu na kuuzwa tena.

6. Oili iliyotumika isimwagwe mtoni wala karibu na kisima. Watu na mifugo hunywa hapo.

Wazee walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Kwa mwenye motokaa, ufa ni sevisi ya leo, na ukuta ni injini ya kesho.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini kitabu cha Japani chataja hesabu mbili za kubadilisha oili?

2. Gari lako huenda kilomita ngapi kwa juma? Litatimiza kilomita 5,000 baada ya siku ngapi?

3. Ni njia zipi upitazo ambazo ni kazi nyepesi kwa gari, na zipi ni kazi nzito?