Kwa Nini Viazi vya Chini Huungua na Vya Juu Hupona

Mkulima mwenye ploti Kinangop au Ol Kalou huenda amekwisha kuliona jambo hili. Huamka asubuhi moja ya Januari, mbingu safi, akakuta nyasi nyeupe kama zimenyunyiziwa chumvi. Viazi vya upande wa juu vimesimama salama. Vya chini karibu na kijito vimelegea, na ifikapo saa nne majani yake ni meusi kana kwamba moto umepita. Mbegu ni moja, na siku ya kupanda ilikuwa moja. Wengine husema udongo wa chini una ugonjwa. Sivyo. Hiyo ni jalidi, na iliyoileta hapo ni upepo mdogo uliopita wewe ukiwa umelala.

Yafaa kwanza uujue upepo wa mchana. Jua hupasha ardhi joto, nayo ardhi hupasha hewa inayoigusa. Hewa ikipata joto hutanuka na kuwa nyepesi. Kwa hiyo hewa iliyo karibu na udongo wa mteremko huwa nyepesi kuliko hewa ya kimo kile kile iliyo mbali juu ya bonde, nayo hupanda ikifuata mteremko. Ndiyo sababu vilele vya milima ya Nyandarua huweza kuwa wazi asubuhi, na ifikapo saa sita vimefunikwa na mawingu.

Usiku mambo hugeuka. Ardhi hutoa joto lake kwenda juu. Mawingu yakiwapo hurudisha sehemu yake, kama blanketi. Mbingu ikiwa wazi joto hupotea. Udongo na majani hupoa, na hewa inayoyagusa hupoa pia ikawa nzito. Hewa nzito huteremka kama maji. Wala haitaki mlima mkali: mteremko wa futi 1 katika futi 50, ambao kwa macho ungeuita tambarare, watosha. Huenda kwa mwendo wa mtu anayetembea polepole, na ikifika bondeni hujaa humo kama maji bwawani. Hapo baridi yaweza kuzidi ya juu kwa digrii 3 au 4, na majani ya kiazi hayastahimili hata digrii 2 chini ya kiwango cha kuganda. Usiku wenye upepo mkali si wa kuogopa sana, kwa maana upepo huo huchanganya hewa ya chini na ya juu.

Usikubali kwa maneno tu. Jioni isiyo na mawingu, jua likiisha kutua, washa nyasi mbichi kidogo katikati ya shamba, mbali na nyumba na mazao makavu. Utaona moshi ukilala na kuteremka. Ufuate mpaka unaposimama. Hapo ndipo jalidi itakapoanza. Kesho yake saa nne washa tena, nao utapanda.

Sasa tazama ua wako. Wengi wetu tumepanda saipresi kukata shamba kwa upana, upande wa chini, tukidhani twajikinga na baridi. Ua mzito namna hiyo ni ukuta wa bwawa: huzuia hewa baridi isitoke, nayo hurudi juu kufunika viazi. Fungua nafasi pana pale moshi ulipokwama, na ukate matawi ya chini. Lakini ua ulio juu ya shamba uache, kwani waweza kuigeuza hewa itokayo juu ipite kando. (Kama chini yako kuna jirani, zungumza naye kabla ya kufungua njia.)

Viazi vya Januari vipande katikati ya mteremko. Shimoni weka nyasi za ng'ombe, au kabichi, ambayo huvumilia jalidi nyepesi. Kuhusu kuwasha moto usiku kucha ili moshi ukinge mimea, usipoteze kuni zako. Moshi hauzuii joto kutoka ardhini kama mawingu yanavyolizuia. Na ukiwa na kipimajoto, kiweke usawa wa majani ya viazi: kikitundikwa usawa wa kifua chaweza kuonyesha digrii 2 juu ya kuganda hali majani yameanza kuganda.