Dondoo muhimu: Maharage yasikumalizie kuni
Loweka maharage tangu jioni. Asubuhi mwaga maji yale, weka mapya, injika. Yachemke kwa nguvu dakika 10 au zaidi, hasa yale mekundu, maana yasipochemka vizuri yanasumbua tumbo. Nyanya ngoja kwanza, zinayachelewesha kulainika.

Sasa acha kuchochea. Funika sufuria kwa mfuniko unaobana, itie ndani ya kikapu ulichotandika majani makavu ya mgomba na blanketi kuukuu pande zote, juu ziba kwa mto. Nenda zako shambani kwa muda wa saa 3 au 4. Wa nyumbani nao wasifunuefunue, kila wakichungulia joto linatoka. Ukirudi, yarudishe motoni yachemke tena, ndipo uyaunge.

Kuni zipasue nyembamba na uzianike, mbichi ni moshi mtupu. Na kabla ya kuinjika, paka sufuria kwa nje majivu yaliyokorogwa na maji: masizi yatatoka kirahisi, sabuni ibaki ya nguo.

Wali nao unakubali kikapu. Ugali usihangaike nao, huo unataka moto na mwiko.