Mdomo Ukipinda Ghafla, Tazama Paji la Uso

Mtu analala akiwa mzima, anaamka mdomo umeenda upande, jicho moja halifungi na chai inamtiririka kidevuni. Majirani husema amepigwa na upepo, au amerogwa. Mara nyingi hitilafu iko karibu na sikio.

Kila upande wa uso una neva yake, yaani mshipa wa fahamu unaopeleka amri za ubongo kwenye misuli ya uso. Neva hiyo hupita ndani ya mfupa wa sikio, katika mfereji wa sentimita 3 hivi, ambao mahali pengine haufiki upana wa milimita 1. Ikivimba humo haina pa kupanukia; hubanwa na mfupa, na amri hazifiki. Humo njiani hutoa tawi la msuli mdogo unaopunguza makali ya sauti sikioni, na jingine la ladha kwa sehemu ya mbele ya ulimi. Kwa hiyo mgonjwa akisema sauti za sufuria zinamuumiza sikio, au ugali umekosa ladha, msimdharau. Kisha neva hutokea chini ya sikio na kugawanyika matawi 5, kuanzia paji la uso hadi shingoni.

Ugonjwa huu huitwa kupooza kwa Bell, kutokana na Charles Bell, daktari wa upasuaji kutoka Uskoti aliyeieleza neva hii mwaka 1821.

Je, si kiharusi? Mwambie mgonjwa ainue nyusi. Misuli ya paji hupokea amri kutoka pande zote mbili za ubongo, hivyo kiharusi kwa kawaida huliacha paji likikunjika, ijapokuwa mdomo umepinda. Neva yenyewe ikibanwa, upande mzima hulala, paji likiwemo. Lakini kipimo hiki si ruhusa ya kubaki nyumbani. Mkono au mguu ukilegea, au maneno yakivurugika, mkimbizeni hospitalini papo hapo: dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwenye ubongo hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze.

Kwa kupooza kwa Bell, vidonge vya prednisoloni hufaa zaidi vikianzwa ndani ya saa 72, na ni kwa maagizo ya daktari tu. Mwenye kisukari aseme mapema, kwa sababu dawa hiyo hupandisha sukari. Anayezunguka kwa waganga wiki nzima amepoteza siku hizo. Hata hivyo wengi hupona, aghalabu ndani ya miezi michache.

Malengelenge yakitokea sikioni, mwonyeshe daktari, kwani huhitaji dawa nyingine. Na jicho lisilofunga hukauka na kupata kidonda: omba dawa ya matone, vaa miwani penye vumbi, na usiku lifungwe kwa plasta laini kama mhudumu wa afya atakavyokuonyesha.