Kabla ya kufunga bendeji: wanayosomeshwa watabibu wa wanamichezo



Nenda kiwanja chochote cha mtaa jioni, utaona. Kijana ameruka kupiga kichwa, ametua vibaya, sasa amekaa chini ameshika kifundo cha mguu. Kabla vumbi halijatulia wamemzunguka watu kumi, na kila mmoja ana tiba yake. Huyu anataka mguu uvutwe mpaka ulie. Yule anaagiza maji ya moto na chumvi. Wa tatu, aghlabu kocha mwenyewe, anamwambia ainuke aruke ruke kidogo, utaachia wenyewe. Wote wanampenda kijana, na hakuna hata mmoja aliyesomea.

Nchini Marekani wapo watu waliosomea dakika ile ile. Wanakaa pembeni mwa uwanja wa shule, chuo au timu ya kulipwa, na kazi yao ni kuzuia maumivu ya michezo, kuyatambua, kuyatibu na kumrudisha mchezaji taratibu. Jina lao kwa Kiingereza huwachanganya hata Wamarekani wenyewe, kwani linasikika kama la mwalimu wa mazoezi ya viungo. Sivyo. Hapa tutawaita watabibu wa wanamichezo. Chama chao, NATA, kiliundwa mwaka 1950 katika mji wa Kansas City, na mwaka 1990 chama cha madaktari wa nchi hiyo kikaitambua kazi yao kuwa ni taaluma ya afya.

Hapo zamani mtu aliweza kuingia katika kazi hii kwa kujifunza chini ya mkongwe. Mlango huo ulifungwa mwaka 2004. Mwaka 2015 ikaamuliwa kuwa hata shahada ya kwanza haitoshi, na baada ya mwaka 2022 vyuo haviruhusiwi tena kupokea wanafunzi wapya wa fani hii katika ngazi hiyo. Ni lazima iwe shahada ya uzamili. Kwa hiyo anayetaka kuingia huanza kusoma biolojia, kemia, fizikia, saikolojia, anatomia na fiziolojia. Wazazi huuliza, fizikia ya nini kwa mtu wa kufunga bendeji? Goti linapopinda na mwili kugeuka huku mguu umekwama chini, kinachokata kano ni nguvu na mwelekeo wake, na hiyo ni fizikia. Baada ya hapo hufuata kiasi cha miaka miwili ya masomo yenyewe, darasani na viwanjani kwa pamoja, ikiwemo angalau wiki nne mfululizo za kufanya kazi kutwa nzima chini ya msimamizi. Mwishoni ni mtihani wa taifa, kisha leseni ya jimbo.

Tuingie darasani.

Jambo la kwanza analofunzwa mwanafunzi ni kuzuia mikono yake. Huuliza kwanza: ulitua vipi, ulisikia mlio, umewahi kuumia hapa? Kisha huvua viatu vyote viwili, kwa sababu mguu mzima ndio kipimo cha ule ulioumia. Hutazama. Ndipo hugusa, akianzia mbali na panapouma, na hugusa mifupa kabla ya nyama. Kuhusu kifundo cha mguu zipo kanuni zilizotoka Ottawa, Canada, mwaka 1992, na ni nyepesi kiasi kwamba mama nyumbani anaweza kuzikumbuka. Kifundo kikiuma, bonyeza ile mifupa miwili inayotokeza ndani na nje ya kifundo, kwenye ncha na ukingo wake wa nyuma. Ikiwa mfupa unauma unapobonyezwa, au ikiwa mtu hakuweza kutembea hatua nne alipoumia na bado hawezi anapopimwa, basi apigwe picha ya eksirei. Kadhalika mifupa miwili ya katikati ya mguu, ule wa ukingo wa nje na ule wa upande wa ndani, ikiuma inapobonyezwa, naye apelekwe. Asiyekuwa na dalili hizo, uwezekano wa kuwa amevunjika ni mdogo sana.

Aliyeteguka bila kuvunjika hufungwa bendeji ya kubana kiasi, huinua mguu juu ya mto, na hukandwa kwa baridi ili kupunguza maumivu. Daktari Gabe Mirkin, aliyeeneza mwaka 1978 kanuni ya kupumzisha, barafu, kubana na kuinua, alirudi mwaka 2014 na kusema kuwa barafu nyingi na kupumzika kabisa huenda vikachelewesha kupona. Ndiyo maana siku hizi wanafunzi husomeshwa kumwanzisha mgonjwa mapema kusogeza kiungo chake kadiri anavyostahimili. Maji ya moto siku ya kwanza hupanua mishipa na kuongeza uvimbe. Ama kuvuta mguu ambao hujui kama mfupa umevunjika, hilo sina neno la upole. Kifundo changu cha kushoto kilivutwa hivyo utotoni, na hadi leo hunitangulia kujua kama mvua inakuja. Simdharau mchua, mkono wake una kazi yake, lakini saa yake si ile.

Kifundo hakiui mtu. Sehemu kubwa ya masomo, na ile inayorudiwa kwa mazoezi mpaka mwanafunzi aweze kuitenda akiwa amepigwa na bumbuwazi, ni ya mambo matatu yanayoua uwanjani: moyo, kichwa na joto.

Mchezaji akianguka bila kuguswa na mtu na asipoitika, mwanafunzi hufunzwa kuamini kuwa moyo umesimama mpaka ithibitike vinginevyo. Marc-Vivien Foé wa Cameroon alianguka hivyo mjini Lyon tarehe 26 Juni 2003, akafariki. Tatizo ni kuwa mwili wa mtu wa namna hiyo unaweza kutikisika kidogo au akawa anatweta kwa vipindi, na wanaomzunguka wakadhani ni kifafa au kwamba bado anapumua. Wengine huhangaika kumvuta ulimi. Ulimi haumezwi. Kinachotakiwa ni kubana kifua katikati, kwa nguvu, kishuke kiasi cha sentimita 5, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku mwingine akikimbilia msaada na mashine ya kushtua moyo kama ipo. Tarehe 2 Januari 2023, mchezaji wa mpira wa Kimarekani Damar Hamlin aliposimama moyo mbele ya uwanja uliojaa mjini Cincinnati, aliyeanza kumbana kifua alikuwa mtabibu wa wanamichezo, Denny Kellington. Hamlin yu hai, na alirudi kucheza mwaka huo huo.

Kuhusu kichwa, somo lina jina la mtoto. Mwaka 2006 katika jimbo la Washington, Zackery Lystedt, mwenye umri wa miaka 13, aligonga kichwa, akapumzishwa kidogo, akarudishwa mchezoni. Alivuja damu ndani ya ubongo na kuachwa na ulemavu mkubwa. Mwaka 2009 jimbo lake likapitisha sheria: mtoto anayeshukiwa kupata mtikisiko wa ubongo anatoka, na harudi mpaka mtu wa afya mwenye leseni aandike kuwa amepona. Kufikia mwaka 2014 majimbo yote yalikuwa na sheria ya aina hiyo. Wanafunzi husomeshwa kwamba mtikisiko hauhitaji mtu kuzimia. Inatosha aonekane ameduwaa, asahau matokeo, alalamike mwanga unamwumiza, au awe na hasira zisizo zake. Akitapika tena na tena, kichwa kikizidi kuuma, mboni moja ikawa kubwa kuliko nyingine, akapata degedege au akawa mgumu kuamka, ni hospitali bila kungoja asubuhi. Na anayepona hurudi kwa hatua, kila hatua si chini ya siku moja, akianza na shughuli nyepesi za kawaida. Mzazi, usimwulize mtoto kama yuko tayari. Mtoto hujibu kwa mapenzi ya mpira.

La tatu ni joto, nalo linatuhusu sana sisi wa pwani miezi ya kaskazi. Korey Stringer, mtu mwenye nguvu wa miaka 27, alianguka katika mazoezi ya timu ya Minnesota Vikings na kufariki tarehe 1 Agosti 2001 kwa kiharusi cha joto. Mwaka 2010 Chuo Kikuu cha Connecticut kilianzisha taasisi kwa jina lake, na mafunzo yake yanajulikana na kila mwanafunzi: poza kwanza, safirisha baadaye. Mwili ukipita nyuzi 40 za selisiasi na mtu akaanza kuweweseka, kutukana ovyo au kuyumba, kila dakika inaunguza viungo vya ndani. Hutumbukizwa ndani ya hodhi la maji ya barafu, maji yakikorogwa, ili joto lishuke ndani ya nusu saa. Akifika karibu nyuzi 39 ndipo huondolewa kwenda hospitali. Wengi hupotezwa na jasho. Husema, bado anatoka jasho, basi si kitu. Aliyepata kiharusi kwa kukimbia anaweza kuwa amelowa chapachapa.

Kipimo cha kweli cha joto hilo huingizwa njia ya haja kubwa, kwani kwapa, mdomo na paji la uso hudanganya kwa mtu aliyetoka mazoezini. Somo hili huwatia haya wanafunzi wengi. Kwa hiyo hufunzwa pamoja nalo namna ya kumsitiri mgonjwa kwa shuka, kuwaondoa watazamaji na kuwa na shahidi. Huku kwetu hodhi la barafu halipo, lakini ndoo zipo. Mvue nguo nzito, mweke kivulini, mmwagie maji mfululizo kichwani na mwilini, mpepee, badilisha vitambaa vibichi. Usimnyweshe asiye na fahamu kamili. Na vijana wetu wanaocheza kungojea futari, akianguka mmoja wao, asitokee wa kusema tusubiri adhana. Maji ya kumwagiwa mwilini hayana neno na saumu yake, na akiwa katika hatari, suala la saumu limeshatanguliwa na uhai.

Utaona kuwa katika yote hayo kuna mtu mmoja anayesema: huyu anatoka. Kusema hivyo nako kunasomeshwa, chini ya maadili na utawala. Kocha anataka kushinda, mchezaji anataka kucheza, na pengine mzazi yuko jukwaani akipiga kelele. Kanuni za NCAA, chama cha michezo ya vyuo, zinavitaka vyuo vikubwa viwape watabibu mamlaka ambayo kocha hawezi kuyapinga katika suala la kumtoa na kumrudisha mchezaji. Katika viwanja vyetu kocha ndiye daktari, ndiye dereva, na pengine ndiye mwenye mpira. Simlaumu. Lakini mtu wa pili anaweza kuteuliwa kabla mechi haijaanza, baba au kaka asiyejali nani anashinda, na ikajulikana kuwa neno lake kuhusu aliyeumia ndilo la mwisho.

Nimelibakiza la usafi kwa kuwa ndio mlango wa safu hii. Wanafunzi hawa husomeshwa magonjwa ya ngozi kwa kirefu: choa, majipu, vidonda vya malengelenge. Katika mieleka ya vyuo ngozi za wachezaji hukaguliwa kabla ya mashindano, na mwenye kidonda cha kuambukiza hachezi hata kama amesafiri usiku kucha. Mfano wanaopewa ni wa timu ya St. Louis Rams mwaka 2003. Wachezaji 5 kati ya 58 walipata maambukizi 8 ya bakteria wasiosikia dawa za kawaida, na yote yalianzia kwenye michubuko ya nyasi bandia. Wachunguzi walikuta nini? Taulo moja ikitumiwa hata na watu watatu. Watu wakiingia katika bwawa la pamoja bila kuoga kwanza. Na wanaosafisha vidonda hawakuwa na pa kunawia mikono pao karibu. Timu tajiri, na kilichokosekana ni sabuni na taulo!

Sasa fungua begi la mwanao la mpira leo jioni. Jezi mbichi ya juzi imekunjwa na viatu, soksi za kuazima, na taulo ambayo hujui imepita kwa nani. Jezi ifuliwe kila inapovaliwa na ianikwe juani. Taulo iwe yake peke yake, wembe pia. Mchubuko uoshwe kwa maji safi na sabuni jioni ile ile na ufunikwe kabla hajarudi uwanjani. Kipele kinachovimba, chekundu, cha moto, chenye usaha, kisiminywe nyumbani. Kionwe na daktari, na kijana akae nje mpaka kikauke. Ndani ya begi hilo ongeza bendeji ya kubana, kipande cha sabuni katika mfuko wake, na chupa ya maji yenye jina lake.