Mgeni wa Eastlands: Ya Kufanya na ya Kutofanya

Nyumba nyingi za Buruburu, Umoja na Donholm, mitaa ya mashariki mwa Nairobi, siku hizi hukodishwa kwa usiku mmoja au wiki nzima. Orodha hii ni ya anayelala humo. Ukali wake una sababu: unalala katikati ya familia za watu.

Jitambulishe kwa askari wa geti siku ya kwanza. Nyumba za Buruburu, zilizoanza kujengwa miaka ya 1970, zimepangwa kuzunguka viwanja vidogo vya pamoja, milango ikitazamana. Mgeni anayepita bila salamu huwatia watu wasiwasi, na wana haki. "Habari ya asubuhi, mzee" inatosha.

Usifungulie muziki usiku. Jirani yako anaamka kabla ya jua kuwahi matatu.

Usichezee maji. Mitaa mingi hupata maji kwa zamu, na ile mitungi iliyojazwa jikoni ni akiba ya siku ambazo mfereji umekauka. Oga kwa karai.

Usiviite vitongoji vya Eastlands mabanda. Kaloleni ilijengwa na Halmashauri ya Manispaa miaka ya 1940 kwa mawe na vigae, na ukumbi wake ulisikia hotuba za siasa tangu enzi za ukoloni. Mbotela na Ofafa zimebeba majina ya madiwani waliouawa wakati wa Hali ya Hatari, Tom Mbotela mwaka 1952 na Ambrose Ofafa mwaka uliofuata. Hospitali ya Uzazi ya Pumwani imezalisha akina mama tangu 1926. Tembea Kaloleni kwa miguu, ukiongozwa na mwenyeji anayejulikana pale, na umlipe. Mtu anayekupa saa mbili za kumbukumbu za mtaa wake amekufanyia kazi, na kazi ina ujira.

Usipige picha za watoto, wala za nguo zilizoanikwa, wala za mzee aliyekaa mlangoni, bila kuomba. Ukikataliwa, weka simu mfukoni. Hapa sina msamaha hata kidogo: kuna watu wanaotazamwa mitaani mwao wenyewe kama wanyama wa mbuga, na wamechoka.

Nenda soko la Gikomba mapema, marobota ya mitumba yanapofunguliwa. Ukifika mchana, usinung'unike kwamba nguo nzuri zimekwisha. Na usibishanie bei ya koti usilotaka kulinunua. Soko hilo limeungua mara nyingi, na huenda muuzaji unayempotezea muda alishaanza upya kutoka kwenye majivu. Vikapu na viatu vya ngozi, tafuta soko la Kariokor.

Kula mtaani. Chai, chapati na maharagwe ya kibandani ni kifungua kinywa kamili, na pesa hiyo inabaki palepale. Mutura, soseji ya kienyeji, ni ya jioni, moto moto kutoka kwenye jiko la makaa. Usimwombe mama wa kibanda akupunguzie bei ya chapati ilhali umelipia chumba maelfu bila kusita.

Ukipanda matatu namba 58 kwenda mjini, shika nauli mkononi na ufiche simu. Usizungumze nayo dirishani matatu ikiwa imekwama Jogoo Road. Usiku ukiingia, muulize mwenyeji njia ya kupita na uifuate, hata kama ramani ya simu inaonyesha ya mkato.

Jumapili, nenda ukatazame mpira Camp Toyoyo, Jericho. Mwaka ukikaribia kuisha, ulizia mashindano ya Koth Biro kule Ziwani. Simama na mashabiki, shangilia, usijifanye mchambuzi. Vijana wengi waliofika timu kubwa za nchi walianzia kwenye viwanja vya vumbi kama hivi.

Siku ya kuondoka, osha vyombo, zima taa na upeleke taka panapokusanywa. Ufunguo mpe mwenye nyumba mkononi, au yule tu aliyekutajia. Usiuache chini ya zulia la mlango, na usimwachie mtoto wa jirani.